Jina la Saba

Kwa miaka kumi na tisa, jaji wa kesi za kodi alikisoma kila kielelezo mwenyewe, kwa sauti, ili mwongo ausikie uongo wake.

"Njia ya mwongo ni fupi," jaji alimfokea mwenye kiwanda aliyeshtakiwa. "Hawa wafanyakazi hewa uliowatumia kukwepa kodi, leo nawaanika mmoja mmoja."

Mwenye kiwanda akajikuna kidevu.

Jaji akaisoma orodha ya mishahara, jina kwa jina. Kwenye la saba kidole kikaganda. Lilikuwa la mkewe, na pembeni sahihi yenye mkia uliopinda kama ndoana, ileile ya kwenye cheti chao cha ndoa.



"Soma, mheshimiwa," alisema mwenye kiwanda. "Huyo ndiye ninayemlipa kuliko wote."