Upande Huu wa Mlango

"Mke wangu yuko humu?" mwanamume aliuliza. "Ana jicho limevimba. Alianguka bafuni."

"Leo hajaja mtu, kaka," dada wa mapokezi akamjibu bila kupepesa. Kisha, mkono ukaitangulia akili, akamsogezea daftari la wageni. Katika ofisi ile ya kutetea haki za wanawake kila aingiaye huandika jina, awe waziri au muuza maji.

Ndipo dada akakumbuka. Mstari wa mwisho ulikuwa na jina la mke mwenyewe, wino mbichi, naye alikuwa chumba cha ndani na wakili.

Akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Sasa niandike wapi, dada yangu? Juu ya kucha zako?"

"Kalamu imeisha wino."

"Ninayo yangu." Akaanza kumbandua kidole kimoja kimoja, taratibu, huku akitabasamu. Gumba. Cha shahada. Cha kati kikagoma, kikapinda kuelekea nyuma mpaka machozi yakamlenga.

"Mumewe yuko hapa!" dada akapaza sauti ivuke ukuta. "Wakili, funga kwa ndani!"

Ufunguo ukazunguka kitasani. Mwanamume akaacha kutabasamu, akaanza kuizunguka meza kumfuata dada.