Koti la Kahawia

Fundi aliliona bega kabla hajamwona mtu. Bega la kushoto, lililoshuka kidogo kuliko la kulia, likanyanyuliwa kwa pamba ndani ili yalingane. Pamba hiyo aliijaza yeye. Koti lote alilishona yeye kwa cherehani yake, la kahawia, lenye mshono maradufu mgongoni, na sasa lilikuwa linatembea hatua thelathini mbele yake, katikati ya watu wa jiji, kama koti lolote la mtu yeyote.

Mji wao mzima, mwendo wa saa mbili kwa treni kutoka hapo, ulijua kwamba koti hilo liliingia kaburini miezi kumi na moja iliyopita. Liliingia ndani ya jeneza lililopigiliwa misumari, maana mtu aliyekaa mtoni siku tisa hatazamiki, na hakuna aliyeomba kumtazama.

Asigeuke, fundi aliomba moyoni. Mungu wangu, asigeuke tu.

Wifi yake alikuwa ubavuni, anasoma mabango kwa sauti. Wifi huyu alikuwa na moyo mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Siku ya mazishi ya kaka yake alizimia mara mbili, na kila alipozinduka alisimulia alivyozimia. Koti hilo alilijua vizuri. Kaka mtu alilivaa siku ya kumwoza, na picha ilikuwa ukutani kwake mpaka leo, juu ya televisheni. Akilitia machoni tu, mtaa mzima utasikia, na kesho mji mzima.

Ndiyo maana fundi hakupenda kufuatana naye. Tangu mazishi alikuwa akija jijini peke yake, Jumamosi moja kila mwezi, treni ya asubuhi kuja, ya saa kumi na moja kurudi, na mfuko wa nyuzi na vifungo kwapani. Leo alimkuta wifi kituoni, kajipamba, tiketi mkononi, anasema mjane haachwi asafiri na mawazo yake.

Njia nzima wifi aliongea. Aliuliza kwa nini nyuzi zifuatwe mbali hivyo na zinauzwa pale pale sokoni kwao, kisha hakungoja jibu. Akahamia kwa wale mabwana wawili wa kiwandani, alikokuwa kaka yake mtunza stoo. Wale waliomjia nyumbani mara tatu wiki yake ya mwisho, usiku, kuulizia hesabu za stoo. Wifi alisema watu wenye utu wamebaki wa kuhesabu, lakini wale wawili wamo.

"Walisimama mpaka koleo la mwisho la udongo," alisema. "Na hadi leo wakiniona lazima waulize habari zako. Juzi nimewaambia siku hizi hukosekani jijini."

Fundi aligeukia dirisha, akatazama nje mpaka treni iliposimama. Na sasa koti.

Koti lilisimama mbele ya duka la saa. Mwenye nalo alitazama saa mojawapo ya ukutani, kisha akaanza kugeuza kichwa taratibu upande wao, kama mtu anayemtafuta mtu.

Fundi alimkamata wifi mkono na kumsukuma ndani ya mlango wa kwanza uliokuwa wazi. Bahati nzuri lilikuwa duka la viatu. Akamwambia achague bila haraka, yeye anafuata vifungo hapo mbele, na asitoke nje asije akapotea.

"Mbona wewe una haraka?" wifi aliuliza.

"Njaa."

Wifi alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Alimwambia muuzaji anataka vyeusi, visivyo na kisigino kirefu, vya kuvaa mtu mwenye heshima zake.

Nje, koti lilikuwa halipo. Fundi aliangaza huku na huku, roho mkononi. Alipita kwa mbio mbele ya duka la saa, akapiga watu vikumbo, mwanaume mmoja akamwuliza kama anafukuzwa. Ndipo alipouona upindo wa kahawia ukipotelea kwenye mlango mwembamba kati ya kinyozi na duka la miwani.

Ndani kulikuwa na ngazi na giza. Ngazi ya tatu ilikuwa imevunjika. Aliiruka bila kutazama chini. Alipanda huku akijiambia kwamba angepaswa kubaki nyumbani leo, au augue jino, au avunjike mguu, chochote kile.

Koti lilikuwa mwisho wa korido, mbele ya mlango uliofungwa. Lilimpa mgongo, mkono mmoja ukipapasa mfukoni. Sasa fundi alikuwa karibu kiasi cha kuuona uzi wa kwenye kola, alioupitisha mara mbili. Chini, mtaani, mwanamke alicheka kwa sauti, na fundi akaganda kusikiliza kama ni wifi. Hakuwa yeye.

Alinyoosha mkono, akashika kitambaa. Kilikuwa na joto la mtu.

Mtu akageuka.

Fundi hakupiga kelele. Alianza kumfungua vifungo, kimoja baada ya kingine.

"Si leo ndiyo siku yako?" mwenye koti alisema. "Nilitaka unikute nimependeza."

"Vua," fundi alinong'ona. "Dada yako yuko hapo chini, anachagua viatu vya kuvaa siku ya kumbukumbu yako."