Koili Ndani ya Unga

Matroni hakuinua godoro wala kufungua sanduku. Alienda moja kwa moja kwenye gunia la unga ambalo Scovia alitumiwa na mama yake kutoka Awendo, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa koili ya umeme ya kupikia.

"Kupika hosteli ni kufukuzwa," alisema. "Ya nani hii?"

Scovia alimgeukia mwenzake wa chumbani. Wiki ya kwanza chuoni, huyu ndiye aliyemnong'oneza kwamba hakuna anayepekua unga, na tangu siku hiyo walikuwa wakila kutoka sufuria moja.

"Ni yake, matroni," mwenzake alisema. "Si nilikuambia?"

Alipofungua mdomo kusema hivyo, Scovia aliona jicho jeusi la omena, dagaa waliopika pamoja asubuhi, bado limenasa kwenye meno yake.