Ratiba za Nungunungu

Hebu fikirini Nungunungu ameketi, amebakiwa na jani moja tu la mgomba. Alitaka kuandika riwaya ya maisha ya mama yake ili amsomee, naye mama alikuwa amezeeka mno. Kila asubuhi alijipangia kurasa kumi. Zikimshinda, alichukua jani jipya akapanga ratiba upya.

“Umefika wapi, ndugu yangu?” akauliza jirani yake, Kicheche.

“Limebaki jani moja tu, mengine yote ni ratiba!”

“Lo! Mama atasomewa ratiba? Kwani hadithi inaanzaje?”

“Mama anaingia mto wenye mamba, amenibeba kinywani.”

“Si uandike hivyo hivyo!”

Akaandika kwenye jani lile la mwisho. Mama aliposomewa, alimsogelea mwanawe akanong'ona, “Halafu?”

Wanangu, nawaomba mkumbuke hili tu: andikeni kidogo cha leo kabla ya kupanga mengi ya kesho.