Mgeni wa Tusekile

Ili nchi isiachwe nyuma kwenye mashindano ya uchumi duniani, kila aliyeacha kazi alifutiwa uraia, asije akashusha wastani wa uzalishaji. Hakufukuzwa nchini. Alibaki nyumbani kama mgeni, mradi apate raia wa kumpokea.

Zamu ya mama yake Tusekile ilifika magoti yalipomzuia kuchuma chai. Tusekile akajiandikisha kuwa mwenyeji wake, akadhani mambo yameisha.

Asubuhi iliyofuata alimkuta mama yake ameketi sebuleni, kajifunga kitenge cha kanisani, mikono mapajani.

"Mama, mbona hujanywa chai?"

"Nilikuwa nakusubiri, mwanangu. Ningeingiaje jikoni kwa watu bila kukaribishwa?"

"Kwa watu? Si wewe na baba mliojenga nyumba hii?"

Mama akatazama kuta. "Mmeitunza vizuri," akasema kwa adabu.

Tusekile alicheka, akingoja mama naye acheke. Hakucheka.

Jioni redio ikatangaza kwamba nchi imepanda tena na kuwapita majirani zake wote. Nje watu walipiga vigelegele. Mama akamgeukia binti yake, akampa mkono.

"Hongereni," akasema.

"Asante," Tusekile akajibu, kabla hajajizuia.