Atomi za Tahira

"Usizime video mpaka niketi," Tahira alimwambia mama yake, akimwekea simu mkononi. "Nataka sauti ya Olivier isikike vizuri."

"Leo utamuumbua, mutoto wangu. Rumonge yote iko hapa," alisema Mariyamu. "Tangu juzi unacheka peke yako, nilijua tu."

Ukumbi ulijaa watu na kunukia samaki wa mukeke wa kuchoma. Sherehe ilikuwa ya Olivier, profesa mpya aliyerudi kutoka Ulaya na jina kubwa. Huko ndiko alikosoma na Tahira. Tahira alipougua akalazwa, Olivier alizichota hesabu zake kwenye kompyuta akazichapisha kwa jina lake peke yake. Mwizi akapewa kiti, mwenye mali akarudi kufundisha wanafunzi wa lisee. Tahira alimchukia mpaka harufu ya manukato yake.

Olivier alipewa ijambo, zamu ya kusema, akasimama na glasi yake kuhutubia wageni. Alieleza vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Atomi zinapangwa kwenye vishimo vya mwanga, kama mayai kwenye trei. Vishimo vinabadilishwa polepole, kisha vinarudishwa vilivyokuwa. Ukiangalia trei utadhani hakuna kilichotokea, kumbe kila atomi imehamia kwa jirani. Wageni wakapiga makofi.

Tahira akanyanyua mkono. Watu wakageuka kumtazama, maana habari ya wizi ule ilishazunguka mtaani.

"Profesa, na atomi zikisukumana kwa nguvu?"

"Zinahama vilevile. Huo ndio ugunduzi wangu."

"Hesabu hiyo aliifanya nani?"

Olivier alimtazama, akatabasamu. "Mimi. Kila mstari."

"Hakuna aliyekusaidia? Hata mstari mmoja?"

"Hakuna! Naapa mbele ya wageni wote." Akainua glasi, akanywa. Na pale kwao, mtu akishaapa na kunywa mbele ya watu, neno lake halimeziki tena.

"Murakoze, Profesa," alishukuru Tahira, akaketi.

Mariyamu nusura aangushe simu. Alikuwa amengoja siku hii kwa uchungu wa mzazi, na sasa machozi yalimlenga. "Umeketi? Umemuachia yote hivi hivi?"

"Yote, mama."

Tahira aliichukua simu, akahakikisha video imetoka vizuri. Kisha akaituma kwa maabara ya Ulaya iliyomwandikia juzi kumuuliza ni nani hasa aliyepiga zile hesabu. Walikuwa wamezijaribu kwa atomi za kweli. Zilipoanza kusukumana kwa nguvu, haikuhama hata moja.

"Yote, mama, hata kosa langu," alisema, akanyoosha mkono kuchukua mukeke.