Fisi Aliyetaka Kuzidishiwa

Mwaka wa ukame, mgawaji wa nyama alikuwa Nguchiro. Kicheche alimwomba, "Kila siku niongezee kipande kimoja juu ya vya jana."

Fisi, asiyejua kutulia, akadakia: "Kuongezewa ni kwa wanyonge! Mimi nizidishie!"

"Kwa ngapi?"

"Namba yoyote! Fanya upesi, tumbo linanguruma!"

Nyama ilikuwa haba, basi Nguchiro akamzidishia kwa nusu. Paja zima likawa nusu paja, kesho yake robo. Kicheche, aliyeanza na kipande kimoja, sasa alikuwa anasaza.

Fisi akaja mbio, akihangaika huku na huko. "Mbona fungu langu linapungua?"

"Nakuzidishia, kaka. Kwa nusu."

"Kumbe unazidisha kwa uvivu! Nizidishie asubuhi na jioni!"

Nguchiro akamtii. Fisi akaambulia harufu.